Mfalme Radbod hakuacha hata kifungo cha nguo. Maonyesho yake yanaonyesha nini basi?

"Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Uholanzi, huu ni mwaka wetu wa sita. Likizoni tuliwapeleka watoto kwenye maonyesho kuhusu Radbod, mfalme wa kale wa Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi, kwa sababu mwanangu wa miaka kumi amefundishwa habari zake shuleni. Tulilipa viingilio vya watu watano. Ndani hatukuona taji, wala upanga wake, wala kaburi. Karibu kila kibandiko kinasema kitu hiki ni cha kabla ya Radbod, au cha baada yake. Mume wangu alitoka amekasirika, anasema huyo mfalme hakuwepo, ni hadithi ya kuuzia tiketi. Mwanangu yeye kaondoka na lingine. Alisoma kwamba mfalme alikwisha kutia mguu kwenye maji ya ubatizo, akautoa alipoambiwa wazee wake wako motoni. Sasa kila usiku ananiuliza: na yule bibi wa bibi yangu kule Njombe, aliyekufa kabla misheni haijafika, yuko wapi? Hadithi hii ni ya kweli? Na la mwisho: jirani yetu mwenye kifaa cha kutafutia vyuma mashambani amempa mtoto kisarafu cheusi, anasema ni pesa ya Radbod. Niisafishe kwa limau?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lisiloweza kungoja: sarafu usiitie limau. Wala siki, wala majivu, wala dawa ya meno. Ifunge kwenye karatasi kavu, iweke ndani ya kiboksi, na mtoto akitaka kuishika aishike kwa kingo. Nitairudia.

Sasa shemeji. Hasira yake naielewa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanga vitu ndani ya makabati ya vioo, na uso wa mtu anayetoka akiona amepunjwa naujua. Lakini kwenye jambo moja kubwa amekosea: Radbod alikuwepo. Alifariki mwaka 719. Mwaka 727, miaka minane tu baadaye, mwandishi mmoja wa Kifaranki, yaani wa taifa lililotawala Ufaransa ya zama zile, alimaliza kitabu cha habari za watawala wao, na Radbod yumo. Mwaka 731 Bede, mtawa wa kaskazini ya Uingereza, akamaliza historia ya kanisa la nchi yake, na humo pia Radbod yumo. Mmoja aliandika upande huu wa bahari, mwingine ng'ambo, na watu waliomwona Radbod kwa macho yao walikuwa bado wanatembea duniani.

Tena mambo anayoyafanya humo ni mambo ya watawala wa siku zote. Katika miaka ya 690 Pippin, mkuu wa Wafaranki, anampiga vita na kumnyang'anya nchi ya kusini pamoja na Utrecht. Baadaye wanapatana, na binti yake Radbod, Theudesinda, anaolewa na Grimoald, mtoto wa Pippin. Mwaka 714 Grimoald anauawa mjini Liège alipokwenda kusali kwenye kaburi la Mtakatifu Lambert, na Desemba ya mwaka huohuo Pippin mwenyewe anafariki. Wafaranki wanaanza kugombana wao kwa wao. Radbod hakuipoteza nafasi hiyo. Mwaka 716 alipanda mto Rhine na vyombo vyake mpaka Köln, akamshinda mtoto mwingine wa Pippin aitwaye Charles. Wasomaji waliosoma historia ya Uislamu wanamfahamu huyo Charles: ni Charles Martel, ambaye mwaka 732 alipigana na jeshi la Abdul Rahman al-Ghafiqi karibu na Poitiers, vita ambavyo Waarabu huviita Balat al-Shuhada. Kushindwa kwake kunakojulikana ni kule kwa Köln tu, na aliyemshinda ni huyu mliyelipia kiingilio.

Pengine mliona pia maandishi yenye mashaka kama Radbod alikuwa mfalme au la. Bede anamwita rex, yaani mfalme. Wafaranki wanamwita dux, kiongozi wa vita aliye chini ya mkubwa mwingine. Sisi hatuna haja ya kufafanuliwa sana hapo. Watemi wetu walikuwa na enzi zao, ngoma zao na majeshi yao, na kwenye majalada ya wakoloni wakaandikwa machifu. Anayeshika kalamu ndiye anayegawa vyeo. Yeye mwenyewe alijiitaje kwa Kifrisia? Hakuna aliyeandika, na maonyesho yakikiri hivyo ukutani yanastahili heshima.

Na hapo ndipo tatizo lenu linapoanzia. Wafrisia wa wakati ule waliandika kidogo sana. Maandishi yao ya runi, herufi za kale za kuchongwa, yaliyopatikana ni kama ishirini tu: neno moja au mawili kwenye kitana cha mfupa, kwenye kijiti cha mti, kwenye sarafu. Jina la Radbod halimo hata kwenye moja. Hakuna sarafu yenye jina lake, na kaburi lake halijapatikana. Kuna ngome nzuri kule Medemblik inayoitwa kwa jina lake, na wageni wengi hupiga picha pale wakidhani wamefika nyumbani kwake, lakini ngome hiyo ilijengwa na Floris wa Tano katika miaka ya 1280, zaidi ya miaka 500 baada ya Radbod kufa. Na Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, ambako wanafunzi wa kwetu wapo, kimepewa jina la askofu mtakatifu wa Utrecht aliyekufa mwaka 917. Inasemekana askofu huyo alikuwa wa ukoo wa mfalme kwa upande wa mama.

Nchi yenyewe nayo imechangia. Wafrisia wa pwani waliishi juu ya vilima walivyovijenga kwa mikono yao, kwa udongo, samadi na taka za karne nyingi, ili bahari ikijaa isiwafikie. Wenyeji huviita terp. Udongo wa vilima hivyo una rutuba nyingi, na kuanzia karne ya 19 watu walivichimba na kuuuza kama mbolea, shehena baada ya shehena. Ndani yake mlikuwa na vitana, shanga, mifupa, vyombo vya mti vilivyohifadhiwa vizuri na ule unyevunyevu. Vingine viliokotwa na kupelekwa makumbusho, lakini bila habari ya vilipokuwa: tabaka gani, karibu na jiko au kaburi, pamoja na nini. Kitu kilichong'olewa hivyo ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni. Unamwona ni mzima, ana macho mazuri, ila hawezi kukwambia ni wa nani.

Kwa hiyo mpangaji wa maonyesho ya Radbod hana kitu cha Radbod. Ana njia mbili. Anaweza kudanganya: aweke upanga wowote wa zama zile, taa iupige kwa juu, kibandiko kiandikwe kwa herufi ndogo. Au anaweza kufanya walichowafanyieni ninyi, kuonyesha waziwazi kipi kilimtangulia na kipi kilimfuata, na kuwaachia mwone pengo lililo katikati. Vibandiko vilivyomkasirisha shemeji ndivyo vinavyonifanya niwaamini wapangaji hao. Lawama niliyo nayo ni kwamba wangelisema hilo mlangoni, kabla watu hawajakata tiketi. Mtu aliyeahidiwa mfalme akaonyeshwa nafasi ya mfalme ana haki ya kulalamika.

Mkirudi, au mkienda makumbusho nyingine yenye vitu vya Wafrisia, nendeni kwa mambo mawili tu, mengine yapiteni. La kwanza ni bizimu, yaani pini ya kufungia nguo, ya Wijnaldum, ambayo makao yake ni Fries Museum, Leeuwarden. Ilitengenezwa kati ya mwaka 600 na 630 hivi, enzi za babu zake Radbod. Kipande cha kwanza kilipatikana miaka ya 1950, vingine katika uchimbaji wa miaka ya 1990. Sogeeni mpaka pumzi iguse kioo. Ni dhahabu iliyogawanywa kwa kuta nyembamba kama sega la nyuki, na kila chumba kimejazwa jiwe jekundu la garneti lililokatwa kwa kipimo chake. Katika kazi za aina hii fundi alitandika chini ya jiwe kikaratasi cha dhahabu chenye miraba midogo, ili mwanga ukiingia urudi na jiwe liwake kama kaa la moto. Itazameni kwa utulivu, mtaanza kuona wanyama waliokunjwakunjwa humo. Garneti nyingi za namna hiyo za karne zile zimepimwa maabara na kuonekana zilitoka India na Sri Lanka. Zilianza safari kwenye Bahari ya Hindi hii tunayoijua sisi, zikaishia kwenye nguo za wakubwa kama hao, kwenye nchi ya matope na ndege wa baharini. Mwonyesheni mtoto jambo hilo.

La pili ni bizimu ya Dorestad, iliyo Leiden, kwenye Rijksmuseum van Oudheden. Hii ni ya mwaka 800 hivi, na iliokotwa mwaka 1969 ndani ya kisima cha kale. Ustadi ni wa ukoo uleule, vyumba vya dhahabu na rangi ndani yake. Lakini wanyama hawapo tena. Mahali pao pana msalaba. Kati ya bizimu ya wanyama na bizimu ya msalaba zimepita kama miaka 180, na Radbod amesimama humo katikati.

Hapo tumefika kwenye mguu na maji, na hapa naomba tusiharakishe.

Hadithi aliyoisoma mwanao inatoka katika kitabu cha maisha ya Mtakatifu Wulfram, askofu wa Sens. Kinasimulia kwamba Radbod alikubali kubatizwa, akatia mguu mmoja, akasimama na kuuliza: wafalme na wakubwa wa Wafrisia waliotangulia, walio wengi wako wapi, mbinguni au kule kwingine? Wulfram akajibu kwamba waliokufa bila ubatizo wamekwisha kuhukumiwa. Radbod akautoa mguu, akasema hawezi kuuacha ushirika wa waliomtangulia akaketi mbinguni na kundi dogo la maskini.

Kitabu hicho kiliandikwa karibu na mwaka 800 katika nyumba ya watawa ya Fontenelle, Ufaransa, yaani miaka kama 80 baada ya Radbod kufa. Kinadai kimeandikwa na mtu aliyekuwepo, na wanahistoria hawakikubali dai hilo. Kwa hesabu ya walio wengi, Wulfram mwenyewe alikuwa amekufa miaka mingi kabla ya siku anayosemekana kusimama na Radbod kwenye maji. Bede, aliyeandika mapema zaidi na aliyependa sana habari za wabatizaji, hana hata neno moja kuhusu tukio hilo. Na Fontenelle ndiko lilikokuwa kaburi la Wulfram, kwa hiyo watawa wake walikuwa na sababu ya kutaka mtakatifu wao aonekane alifika hata kwa Radbod. Tuna jambo la namna hii kwetu: habari za Kilwa zinazosema Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote ziliandikwa karne ya 16, mamia ya miaka baada yake. Tofauti ni kwamba yeye tunazo sarafu zenye jina lake, zimepatikana Kilwa, Mafia na Pemba. Radbod hana hata hiyo.

Je, ni uongo basi? Mazungumzo yale siwezi kuyatetea mbele ya mtu yeyote. Lakini kukataa kwenyewe ni kweli tupu. Bede anasema mmisionari Wihtberht alihubiri kwa Wafrisia na mfalme wao Radbod miaka miwili, akarudi mikono mitupu. Mmisionari mwingine, Willibrord, alikuja mwaka 690, na alipata mahali pa kusimama katika ile sehemu tu ambayo Pippin alikuwa ameiteka. Mwaka 716 mmisionari Bonifasi alikutana na Radbod Utrecht, akaona hakuna njia, akarudi kwao. Miaka hiyo Radbod alikuwa anayabomoa makanisa na kuyasimamisha tena mahekalu ya zamani. Mhubiri alifika akiwa ameshikana mkono na askari. Mfalme aliyebatizwa enzi zile alipata pia baba wa ubatizo, na baba huyo mara nyingi alikuwa mtawala mkubwa kuliko yeye. Kutia mguu kwenye maji yale kulikuwa pia kuinamisha shingo kwa Pippin. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kueleza mguu kutolewa, bila kuwataja wazee.

Wala hakuwa mtu wa kuua kila mhubiri. Alcuin, aliyeandika maisha ya Willibrord mnamo 796, anasimulia kwamba Willibrord alifika kisiwa kitakatifu cha mungu Fosite, penye chemchemi ambayo maji yake yalitekwa kwa kimya na mifugo isiyoguswa na mtu. Akabatiza watu watatu katika chemchemi hiyo, na mifugo ikachinjwa. Radbod alighadhibika. Akapiga kura kwa siku tatu, mara tatu kila siku, kujua nani afe. Kura haikumwangukia Willibrord, na mfalme akamwacha aende zake, ingawa mmoja wa wenzake aliuawa. Hata adui anayesimulia anatuonyesha mtu aliyetii sheria ya dini yake mahali ambapo hasira ingetaka vingine.

Na bibi wa Njombe? Mdogo wangu, mimi ni mtu wa makumbusho. Roho za marehemu si kazi yangu, na ningekukosea adabu nikijifanya ninajua. Ninachoweza kukupa ni hiki cha kumwambia mtoto leo usiku: yale maneno ya motoni hayakutoka kwa mtu aliyekwenda akaona. Yaliandikwa na mtawa mmoja wa Fontenelle, kwa ajili ya watawa wenzake, kuwafundisha kwamba kiburi cha wakubwa kina hasara. Kisha mpeleke kwa mchungaji au padri wenu, ana kwa ana, wewe ukiwepo, aulize mwenyewe. Makanisa mengi ya leo hayafundishi kama Wulfram wa kitabuni, na ni vizuri asikie kutoka kwa mtu anayemheshimu. Kama analia usiku au halali, usingoje mchungaji peke yake, zungumza na mwalimu wake na daktari wenu wa familia. Na wapigie simu nyumbani. Jina la bibi huyo mnalijua? Alilima nini, alicheka vipi, nani amerithi paji lake la uso? Mtoto anayelala na bibi asiye na uso anaogopa zaidi.

Kisarafu sasa. Kama ni cha fedha, upana wake kama kifungo cha shati, uzito kama gramu moja, na upande mmoja una mstari uliopinda wenye miiba kama nungunungu huku upande wa pili una mraba wenye vistari na nukta, basi jirani hakukosea sana. Hizo ni sarafu zilizopigwa Frisia katika miaka ya Radbod, tangu kama 695, na zilisambaa mpaka Uingereza na Denmark kwa biashara ya Dorestad, bandari iliyokuwa panapoachana Rhine na Lek. Hazina jina la mfalme, kwa hiyo kuiita pesa ya Radbod ni kuzidisha, lakini huenda mkono wa mtu aliyemwona uliwahi kuishika. Inaweza pia kuwa kitu cha karne nyingi baadaye, au nakala ya kuuzia watalii. Mimi kwa maelezo siwezi kuamua, wala mtu yeyote asikuamulie kwa picha ya simu. Weusi ule ni ngozi ya fedha iliyozeeka, na chini yake ndipo penye miiba. Limau lingekula vyote viwili.

Ipelekeni mkononi kwa mtaalamu wa sarafu wa makumbusho, au kwa watu wa PAN, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Vrije Universiteit ya Amsterdam kwa ajili ya kuandikisha vitu vinavyopatikana na wenye vifaa vya kutafutia vyuma. Sheria ya urithi ya Uholanzi inataka vitu vya kale viripotiwe. Mwambieni jirani kwa upole, si kwa kumtisha. Huenda hajui, na pengine ana vingine vingi kwenye kopo la biskuti. Kabla hamjaondoka kwake, mtoto aulize na aandike kwa mkono wake: shamba gani, upande gani wa mtaro, kina cha vidole vingapi, siku gani, pamoja na nini. Karatasi hiyo ikunjwe iingie ndani ya kiboksi kilekile, isitengane na sarafu hata siku moja.